Marupurupu ya Chumba cha Kuchambua

Watu wa kiwanda cha dawa hawaiogopi dawa. Mtu wa nje ukimwambia hivyo anadhani unamtania. Lakini hebu fikiria mwenyewe: unashinda na vidonge kutwa nzima, vinapita mbele yako kwenye mkanda kama kokoto, unavifagia sakafuni, unavikanyaga, unafika nyumbani unavua kiatu unakikuta kimoja kimejibanza kwenye kidole gumba. Baada ya miaka ya maisha hayo, nani atakuja kukuambia kidonge ni kitu cha kuheshimiwa? Mazoea yana taabu, na waliosema hivyo hawakukosea hata kidogo.

Na katika kiwanda ninachokisema, hapakuwa na watu wenye mazoea mabaya kuliko kina mama wa chumba cha kuchambua. Kilikuwa chumba kirefu, cheupe, chenye baridi ya mashine, na katikati yake mkanda ulipita polepole juu ya kioo kilichowashiwa taa kwa chini. Kina mama walikaa huku na huku, kofia kichwani, barakoa usoni, glavu mikononi, macho kwenye mkanda. Kazi yao ilikuwa kunasa kidonge kilichovunjika, kilichobanduka ukingo au kilichopata doa, na kukitupa kwenye ndoo ili kikasagwe upya. Walikuwa wa upande wa vitamini C, vile vidonge vya rangi ya chungwa vya kutafuna, vitamu kidogo, vyenye ukali unaokuja baadaye ukakukunja uso.

Sasa niambie: mtu mzima, amekaa tangu asubuhi tumbo tupu, mikono imejaa kitu kitamu, na bosi yuko mbali. Atafanya nini? Walikula. Walikula vilivyovunjika, wakaviita marupurupu, kwa sababu marupurupu mengine pale hayakuwapo. Mgeni akiajiriwa, kabla hajaonyeshwa choo, alishafundishwa namna ya kuinua barakoa kana kwamba pua inamwasha. Kubwa zaidi, alifundishwa asitafune, maana kutafuna kunaonekana kwenye taya. Unakiweka kati ya fizi na shavu, unakiacha kiyeyuke chenyewe, kikiisha unaweka kingine. Alikuwapo mmoja aliyebobea mpaka wakamwita Mashavu, naye aliitika kwa fahari kama mtu aliyepewa cheo.

Kisheria huo ulikuwa wizi, na adhabu yake ilikuwa kufukuzwa kazi. Wote walilijua hilo. Lakini wizi wa kitu kinachokwenda kusagwa, na chenyewe ni vitamini tu? Walicheka. Walisema wao hawaibi, wanapunguza taka.

Mwisho wa mkanda, pale wanapowekwa wasiopitwa na kitu, alikaa mwanamke waliyemwita Jicho. Aliletwa kiwandani akiwa msichana na shangazi yake, aliyekuwa akipiga deki korido, akaambiwa ajaribiwe kwa wiki moja. Hakutoka tena. Kidonge kilichopungua unga wa kujaza kucha, wenzake wote wakakiruhusu, yeye alikinyakua bila hata kukatisha maongezi. Nyumbani pia jicho halikupumzika. Mchele aliumaliza kuuchambua maji hayajachemka, na mumewe akimwonyesha kochi alilolivisha kitambaa kipya, yeye alisimama mlangoni tu, akanyoosha kidole penye mshono uliopinda.

Mume huyo alikuwa fundi wa makochi. Watu wote walimwita Fundi, na mkewe hakuwa na jina jingine la kumwita. Alikuwa mtu mpole, mwenye mzaha wa chini kwa chini. Akionyeshwa mshono uliopinda, aliuliza mbona siku ya kuolewa jicho hilo halikufanya kazi, kasoro zote za bwana harusi zikapita. Jicho alimjibu kwamba siku ile umeme ulikatika. Waliishi hivyo, na walipendana. Ninalisema wazi mapema ili mtu asije akatafuta sababu nyingine huko mbele.

Walichokosa ni mtoto. Si kwamba mimba hazikuingia. Ziliingia mbili, na zote mbili zikatoka kabla tumbo halijaanza kuonekana. Baada ya ile ya pili, hedhi yake iliharibika. Ikawa inakuja kwa fujo, inakaa siku nyingi, inaondoka, kisha inarudi kama mtu aliyesahau kitu. Jicho alianza kuvaa nguo nyeusi ndani ya koti jeupe la kazini. Akawa anapanda ngazi kwa kushika ukuta, midomo imepauka, na viganja vyake ukiviangalia unadhani ni vya mtu aliyefua tangu alfajiri. Msimamizi alimwuliza kama amefunga. Akasema ndiyo, amefunga, na moyoni aliona aibu na hofu kwa pamoja.

Fundi ndiye aliyemburuta hospitali, hospitali iliyokuwa na mkataba na kiwanda wa kuwatibu wafanyakazi. Daktari wa magonjwa ya kina mama alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye sauti ya chini na macho ya mtu anayelala kidogo. Alimpima, akamwonyesha kwenye mashine vivuli vya mviringo: uvimbe ndani ya kizazi. Akamweleza kwamba wengi wa hali yake hushauriwa watolewe kizazi chote, basi, mambo yaishe. Jicho alipoanza kulia, daktari akasogeza kiti. Akasema ipo njia nyingine, ndefu kidogo. Kwanza atampa vidonge vya homoni, vilevile wanavyomeza wanawake wa uzazi wa mpango, vyenye estrojeni ndani yake, ili ukuta wa kizazi utulie na damu izuiwe. Atameza pamoja na vya kuongeza damu. Damu ikishapanda na mwili ukapata nguvu, ndipo apasuliwe.

"Nitatoa uvimbe, kizazi nitakuachia," alisema. "Ila damu isimame kwanza. Isiposimama, sitakuwa na la kuchagua."

Kisha akamwuliza kama kuna dawa nyingine yoyote anayotumia, iwe ya hospitali, ya dukani au ya mitishamba. Jicho alisema hakuna. Na hakusema uongo, jamani, nataka hilo lieleweke. Marupurupu hayakumjia akilini hata kidogo. Ungemwuliza kama ananyonya peremende kazini, pengine angecheka akakubali. Lakini dawa? Dawa ni kitu unachoandikiwa na daktari, unakipangia foleni dirishani. Kile kilichokuwa kikiyeyuka shavuni mwake kila siku aliitwa kukichambua, hakuitwa kutibiwa nacho.

Alipofika nyumbani, kati ya yote aliyoambiwa alikuwa ameshika maneno mawili tu: kizazi nitakuachia. Fundi alifurahi mpaka mzaha ukamtoka. Akasema kumbe wao watameza dawa ya kuzuia mimba ili wapate mimba, basi huko ni kufunga mlango ili mgeni aingie. Walicheka sana siku hiyo, kicheko cha watu waliokuwa wamekisahau.

Na vidonge vikafanya kazi. Damu ilipungua, ikawa matone, ikakata. Mwezi ulipita, na mwingine, Jicho akaanza kupanda ngazi bila kushika ukuta. Mashavu alimwambia amenawiri, akamwomba amtajie mafuta anayopaka. Kila alipokwenda kupimwa, damu ilikuwa imepanda. Daktari mwenyewe alishangaa kidogo, akasema alimwandikia vya nguvu ndogo na hakutegemea vingeshika vizuri namna hiyo. Akampangia tarehe ya upasuaji. Ilikuwa bado wiki kadhaa mbele. Jicho aliisema tarehe hiyo kwa sauti jikoni, peke yake, kama mtoto anayekariri shairi. Akaanza hata kuwaangalia watoto wa jirani bila kugeuza uso.

Hapo ndipo alipokuja meneja mpya.

Alikuwa mtu wa mizani. Alipima unga unaoingia kwenye mashine, akapima vidonge vinavyotoka kwenye maboksi, akapima ndoo ya vilivyovunjika, akaona hesabu haikai. Hakuuliza mtu. Alifunga kamera juu ya mkanda, akasubiri. Siku ya kuvuna, akaingia na walinzi, akamsimamisha mama mmoja mtu mzima, mkongwe kuliko wote pale, akamwambia afungue kinywa mbele ya wenzake, kama mbuzi anayekaguliwa meno mnadani. Ulimi ulikuwa wa rangi ya chungwa. Yule mama hakulia. Alivua kofia, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya stuli yake na kuondoka, na mkanda haukusimamishwa hata kwa ajili yake.

Tangu saa hiyo hakuna aliyegusa marupurupu tena. Chumba kizima kiliacha kwa pamoja. Mashavu alisema fizi zake ziko matangani. Wengine walisema wanaamka na kiu ya ajabu, wanatamani kitu kikali wasijue ni nini. Baada ya siku chache wakazoea, wakasahau.

Jicho naye aliacha, na alikuwa na sababu kuliko wote. Akifukuzwa kazi, mkataba wa matibabu unakwenda naye, na upasuaji unakwenda nao. Alijiambia hatauza kizazi chake kwa kipande cha kidonge. Hivyo ndivyo alivyojiambia, kwa maneno hayohayo. Aliacha ili kulinda ile tarehe.

Haikupita muda mrefu akaona doa. Alilificha. Alidhani ni uchovu. Halafu doa likawa damu, na damu ikawa ile ya zamani, na zaidi ya ile ya zamani, inatoka kwa mabonge, inapita kila alichoiwekea. Fundi aliona shuka likianikwa kila asubuhi, akamwambia avae waende. Hakukuwa na mzaha siku hiyo.

Daktari alimwuliza kama ameruka kidonge. Hajaruka hata kimoja. Ametapika? Ameharisha? Hapana. Daktari akaegemea nyuma, akamwangalia.

"Fikiri vizuri. Kuna kitu chochote umebadilisha? Chakula, dawa, kitu ulichoanza, kitu ulichoacha?"

Hapa sasa kilimjia. Safari hii kilimjia, na siwezi kumtetea kwamba hakikumjia. Jicho lisilopitwa na kitu lilikiona kikipita mbele yake, kimevunjika waziwazi, likakiacha. Kwa nini? Kwa sababu hospitali ilikuwa na mkataba na kiwanda, na kule chumbani wote waliamini kwamba kinachosemwa kwa daktari asubuhi kinafika kwa meneja mchana. Kwa sababu alikiona kinywa cha yule mama kimefunguliwa. Akisema alikuwa akila, atakuwa amesema na Mashavu anakula, na aliye kulia na aliye kushoto. Isitoshe, ni vitamini tu, na tena ameshaacha. Kitu ulichokwisha kukiacha kitakudhuruje?

Akasema hakuna kilichobadilika.

Basi daktari alifanya ambalo daktari yeyote angefanya. Aliamua kwamba uvimbe umekua, umevishinda vidonge. Akabadilisha hiki, akaongeza kile, akaisogeza karibu tarehe ya upasuaji. Damu haikusoma tarehe. Asubuhi moja, akiwa mwisho wa mkanda, Jicho aliona taa za kioo zinafifia, akasikia Mashavu akimwita kutoka mbali sana. Alianguka kifudifudi juu ya mkanda, ukamvuta kidogo kabla mtu hajakumbuka kubonyeza kitufe.

Fundi alifika hospitali na gundi mikononi, amekimbia na aproni ya kazi. Daktari alimkuta kwenye korido. Alimwambia mkewe anaweza kufa, na kwamba njia ya kuizuia damu hiyo ni moja.

"Hakuna nyingine?" aliuliza Fundi.

"Ingekuwapo ningeitumia."

Fundi aliangalia mikono yake, akajaribu kuibandua gundi, haikubanduka. "Niokoleeni mke wangu," akasema.

Jicho alipozinduka, neno la kwanza aliuliza kama uvimbe umetoka. Nesi akasema umetoka. Aliuliza kama kizazi kimebaki. Nesi akaanza kunyoosha shuka lililokuwa limenyooka.

Alilia. Fundi alikaa ukingoni mwa kitanda, akamshika mguu juu ya blanketi. Alimwambia kwamba yeye ameshalia yake kule nje na yamekwisha. Mungu ameamua, na kazi ya Mungu haina makosa. Kama angeambiwa achague mara mia moja, mara mia moja angemchagua yeye. Aliyasema taratibu, na ilionekana anayaamini. Jicho alimshukuru moyoni, akamwonea wivu. Aliona mumewe amepata mahali pa kuutua mzigo, na yeye bado anao kichwani.

Siku ya tatu alikuja Mashavu, na mdomo wake. Alileta machungwa. Aliyamenya huku akisimulia ya kiwandani, akasema kwa sauti ya kusikika wodi nzima kwamba rafiki yake alidhoofu kwa sababu ya kukatiwa marupurupu, mwili ulishazoea, vitamini kutoka asubuhi hadi jioni, halafu ghafla bin vuu, kavu. Alicheka mwenyewe. Nesi aliyekuwa akipima mapigo ya moyo wa mgonjwa wa jirani aligeuka, akauliza vitamini gani, na kiasi gani. Mashavu akagundua amebwabwaja, akafunga mdomo, lakini maji yalikuwa yamemwagika. Jicho alisema ni mambo ya kazini, si kitu.

Nesi akamsogelea. Hakuwa na nia mbaya, masikini. Alimwambia kitu kama hicho lazima daktari akijue, asimfiche.

"Mficha uchi hazai, mama," alimaliza, kama tunavyosema wote kila siku.

Kisha akasikia alichokisema, na aliyemwambia. Alisimama pale na kipimo mkononi, akashindwa kuondoka na kushindwa kubaki. Jicho ndiye aliyemhurumia. Alimwambia amwite daktari.

Daktari alikuja akavuta kiti, akamsikiliza mpaka mwisho. Aliuliza kwa siku alikula vingapi. Jicho alisema hakuna aliyehesabu, kimoja kikiisha shavuni kingine kinaingia, kwa miaka. Daktari akafumba macho kidogo. Halafu akamweleza, na kwa kuwa alikuwa anaongea na mtu wa kiwandani, alimweleza kwa lugha ya kufungasha.

Alisema kwamba estrojeni ya kidonge ikifika tumboni, haiingii yote kwenye damu. Ukuta wa utumbo na ini vinaifunga kwanza, vinaifungasha ili itolewe nje, na kinachoponyoka kufungwa ndicho kinachofanya kazi. Vitamini C inapokuwa nyingi kupita kiasi, nayo inagombea vifungashio vilevile. Ikivimaliza, estrojeni nyingi zaidi inapita bila kufungwa. Kwa hiyo inawezekana, alisema, na akalirudia neno hilo, inawezekana kwamba vile vidonge vyake vya nguvu ndogo vilikuwa vinafanya kazi kama vya nguvu kubwa, kwa sababu ya marupurupu. Na siku alipoacha ghafla, vifungashio vyote vikarudi kwa estrojeni. Ikashuka. Kizazi kilichokuwa kimezoea kiasi kile kikaachia.

Jicho aliuliza kama mchezo huo ni wa upande mmoja. Daktari akasema hapana, hata kwa upande wa pili kuna kitu. Imewahi kuonekana kwamba vidonge vya estrojeni navyo hupunguza vitamini C katika damu ya wanawake wengine. Huenda ndiyo maana alikuwa akitamani vile vipande kuliko zamani. Jicho alikumbuka kwamba kweli, miezi ile alikuwa akila kuliko hata Mashavu.

"Ningekuambia, ungefanyaje?" aliuliza.

"Ningekuambia uache polepole. Au ningekuongezea nguvu ya kidonge siku ileile."

"Na kizazi kingebaki?"

Daktari alisema ukweli ni kwamba hajui. Utafiti wa jambo hilo ni mchache, mwingine uliona kitu na mwingine haukuona. Huenda uvimbe ungevishinda vidonge hata hivyo, wiki ileile, siku ileile. Hakuna kipimo kinachoweza sasa kurudi nyuma kutazama. Halafu akasema kwamba yeye aliuliza habari za dawa, na mtu anayefanya kazi kwenye kiwanda cha dawa alipaswa kumwuliza anakula nini akiwa kazini. Hakumwuliza. Alimgusa bega, akasimama, akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Wako wanaodhani kwamba kujua kunapoza. Waje wamwulize huyu. Angeambiwa kosa ni lako, angelia, angetubu, angejipiga kifua, siku moja angejisamehe. Angeambiwa kosa si lako, angelala. Lakini aliambiwa labda, na labda haina pa kushika. Alirudi nyumbani nayo, akala nayo, akaoga nayo.

Fundi, kwa upande wake, alikuwa amepona. Alifua nguo za mkewe bila aibu, kweupe, majirani wakiona. Alimpikia uji, ukaungua, akasema huo ndio mtindo wa kisasa. Waliokuja kuwapa pole aliwajibu kwamba kazi ya Mungu haina makosa, na wao wakatikisa kichwa, wakasema mume kama huyu ni wa kutafutwa kwa tochi. Kila aliposikia maneno hayo, Jicho aliona kama anamwibia. Anapokea huruma isiyo yake, mchana kweupe, na mwenye nayo anatabasamu.

Alivumilia mpaka kidonda kikafunga. Siku moja mchana, alipoweza kutembea bila kujishika tumbo, akaenda karakana. Fundi alikuwa amepiga magoti mbele ya kochi lililovuliwa kitambaa chote, misumari midogo midomoni, anagonga ukingo. Jicho akaketi juu ya rundo la sponji, akamwambia yote. Alimwambia alichokula na alichokiacha. Alimwambia daktari alimwuliza mara mbili, na mara ya pili alikuwa na jibu mdomoni, akalimeza. Alimweleza vifungashio, na estrojeni, na vitamini, na lile neno.

Mwanzoni Fundi aliendelea kugonga. Halafu nyundo ikatulia. Akaitoa misumari midomoni, mmoja mmoja, akaiweka kiganjani.

"Kwa hiyo ungesema, kingebaki?"

"Labda."

"Labda ndiyo?"

"Labda tu, Fundi. Hata daktari hajui."

Jicho alimsubiri akasirike. Alitaka akasirike, alikuwa amekuja kwa ajili hiyo, maana mtu akikugombeza siku moja hukusamehe. Akamwambia amtukane basi, ayatoe.

Fundi hakumtukana. Alikuwa anaangalia ile misumari kiganjani.

"Jambo hili nilishamwachia Mungu," alisema. "Nilimwachia siku ileile, pale koridoni. Kwa nini umelichukua kwake ukaniletea mimi?"

Mteja mmoja alichungulia mlangoni kuulizia kochi lake. Fundi akainuka, akapangusa magoti, akamwambia litakuwa tayari kesho.